Mtoto Akitumwa, Atasema Aende kwa Nani?

Salaam kutoka Malindi. Simu yangu imejaa jamani, mwezi huu kila barua ni jina la biashara, lebo, logo, kuigwa, sijui kaskazi yakaribia na watu wanajipanga na wageni wa Disemba au vipi. Siwezi kujibu zote kwa mara moja, nimechukua nne. Alonitumia sauti ya dakika kumi na mbili naomba aiandike, hapa kuna upepo wa bahari sisikii kitu.

*Assalam aleikum Bi Duka. Niko Langoni hapa Lamu, natengeneza achari za embe na za ndimu, na mabuyu kidogo, mwaka wa sita sasa. Chupa natumia zile za jam za zamani, nazikosha nazichemsha ndo naweka, na alhamdulillahi anaenunua anarudi. Mwaka jana binamu yangu alieko Mombasa alinichorea logo nikamlipa 3,500, ina jahazi na mnazi na jua lazama, inapendeza. Lakini jina la biashara watu hawalijui kabisa, mpaka leo wananiita yule dada wa achari nyuma ya msikiti. Mauzo yakipanda ni Ramadhani na Maulidi na ile tamasha ya Novemba, baadae kimya mpaka natamani kulia. Binti yangu asema niposti kila siku. Mama mkwe asema chema chajiuza kibaya chajitembeza, kwamba nikijitangaza kila saa watu watasema achari zimenidodea. Nimsikize nani? Picha nimekutumia. Muuza achari, Langoni.*

Waaleikum salaam dada yangu. Mama mkwe usimvunje, nusu ya maneno yake ni kweli. Chema chajiuza, ndio, lakini chajiuza kwa mtu ashakionja. Hio methali ilitoka kwenye miji ambayo kila mtu amjua mwenzake mpaka na babu yake, ukila kitu kitamu wajua mlango wa kugonga. Sasa fikiria mtu ametoka bara, ameshuka boti kutoka Mokowe, ana siku mbili tu, akifika Mkunguni pale mbele ya ngome akuta meza nne za achari na zote nyekundu. Yako ni tamu kuliko zote, nakubali. Atajuaje?

Mie nina kipimo kimoja na sijakisoma mahali, nilikipata kwa kukaa dukani. Mama yuko jikoni, mikono ina unga, anamwita mtoto wa miaka minane, shika mia mbili hizi nenda kaninunulie achari kwa… Hapo kwenye "kwa" ndo brandi ilipo. Kinachofuata hilo neno ndicho ulichonacho, mengine yote ni karatasi. Mtoto akitumwa akafika bila kuuliza njiani, akarudi na kitu kilekile cha juzi, una jina. Akiambiwa "kanunue achari popote" basi wewe ni popote.

Kwa hio wewe sio kwamba huna jina, unalo, umepewa na watu bure kwa miaka sita na binamu wa Mombasa hajui. "Yule dada wa achari nyuma ya msikiti." Shida yake ni moja tu, Lamu misikiti yazidi ishirini, nyuma ya upi? Mtu wa Langoni ashajua, wa Mkomani labda, mgeni atazunguka na vile vichochoro havina majina ukutani wala namba za nyumba, mpaka punda amsukume ukutani ndo arudi hotelini mikono mitupu. Kwa hio usilitupe, lifupishe tu liweze kutamkwa. Chukua neno ambalo watu tayari wanalo mdomoni, jina lako la utani la mtaani, au jina la mtaa wenu mdogo, uliunganishe na achari basi. Lile refu liko kwenye lebo sasa hivi, na maneno matano, mawili ni ya Kizungu, hata mie nimelisoma mara mbili na nimelisahau nikiandika hapa.

Na kwenye picha nimeona kitu kingine hukuniuliza. Lebo yasema jina moja, WhatsApp yasema jina la binti yako na picha ya maua, na till ya M-Pesa, ile namba ya kulipia, nikijaribu kulipa yatokea jina la mume! Dada yangu, mteja wa Nairobi akiona jina la mwanamume asiemjua wakati wa kulipa anasita, anahisi ni matapeli, na wengine wanaacha hapohapo wala hawakwambii. Majina matatu kwa chupa moja. Kabla hujaposti chochote nenda urekebishe hilo, jina liwe moja kwenye lebo, kwenye till, kwenye WhatsApp, na ukipokea simu ndo useme hilohilo.

Logo sitaki kumsema binamu vibaya, kachora vizuri. Ila jahazi na mnazi na jua, hebu tembea usita wa mui mwanzo mpaka mwisho uhesabu mabango yenye jahazi, ukirudi nitumie hesabu. Kitu kikiwa kwa kila mtu hakimtambulishi mtu. Mfano mko nao hukohuko Lamu, lile jahazi la Flipflopi liloundwa kwa plastiki zilookotwa, ubavuni limefunikwa kwa ndara elfu 30 za rangi zote, 2019 likatweka mpaka Zanzibar. Majahazi Lamu yamejaa, lakini hilo mtoto asiejua kusoma alitambua kutoka ng'ambo ya maji. Wewe hauhitaji elfu 30 ya kitu chochote, wahitaji kimoja. Ingekuwa ni mie ningefunga kitambaa juu ya kifuniko, rangi moja tu, tuseme manjano kama binzari, kwa uzi wa kawaida, kila chupa miaka yote. Nilitaka kukwambia ukate leso halafu nikakumbuka leso muundo ukiisha dukani hauupati tena na hapo ndo utaanza kubadilisha badilisha, kwa hio kitambaa cha rangi moja kisicho na maua.

Chupa za jam sasa. Najua ni za bure. Lakini moja kubwa moja fupi moja ina mabega, bei yako mteja haielewi, juzi kanunua 200 ya kubwa leo kapewa 200 ya ndogo, kimoyomoyo ashakuhukumu. Tafuta chupa za saizi moja ununue hata 50 kwanza. Lebo iwe na jina la kitu, kilichomo ndani, uzito, aliekitengeneza na wapi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho kutumika. Ukitaka kuingia supamaketi watakudai alama ya KEBS, wale wa viwango vya ubora, na msimbo wa mistari, lakini hizo taarifa za lebo hata muuza mezani anatakiwa aziweke, na zaidi ya sheria ni kwamba mgeni anaogopa kubeba kitu kwenye ndege asichojua kina nini.

Halafu mkono. Watu wa pwani twapenda kusema mkono wa mtu, achari ya fulani ina mkono. Sawa, na ukiugua? Binti akipika wiki mbili na pilipili yake, embe yenyewe ya Disemba sio embe ya Machi, moja kali moja ishaanza utamu, mteja ataonja aseme dada kabadilika. Nunua mizani ndogo ya jikoni, siku unayopika ile nzuri kabisa upime kila kitu, chumvi gramu ngapi, pilipili gramu ngapi, embe ilianikwa siku ngapi, uandike daftarini. Hio daftari ni mali kuliko logo. Mama mkwe mwonyeshe, utaona atafurahi, hata yeye atatia yake.

Kuposti, binti ana haki nusu ilobaki. Kila siku hapana, utachoka na watu watakunyamazisha stetasi yako. Mara mbili kwa wiki na sio "nunueni nunueni", weka embe zilivyoanikwa juu ya dari, weka mkono wako ukikata ndimu, weka oda zinavyofungwa. Ile WhatsApp ya biashara ni bure, ina sehemu ya kuweka bidhaa na bei, na ujumbe wa kujijibu ukiwa kwenye swala au umelala, itumie. Na ile miezi ya kimya usiwasubiri wageni, upepo wa kusi ukianza kuvuma wanapungua. Wauzie watu wa Lamu walioko nje, wako Mombasa, wako Nairobi, wako Malindi hapa wamejaa, hao ndo waikumbuka ladha na wana njaa nayo mwaka mzima. Tuma vifurushi kwa basi kutoka Mokowe, chupa uzifunge magazeti na ndani ya boksi, nauli alipe mwenyewe. Kastoma watano wa Nairobi wanaonunua kila mwezi watakufaa zaidi ya umati wa Maulidi.

*Bi Duka, nauza mahamri na mbaazi asubuhi hapa Malindi, hamri shilingi 10. Unga umepanda, mafuta yamepanda. Jirani yangu kapunguza hamri lake na bei iko palepale, asema watu hawaoni. Na mie nipunguze? Mama Mahamri.*

Wanaona mama. Hawasemi tu. Mtu akila hamri moja alikuwa anashiba na leo hashibi hatokwambia neno, ataamkia kwingine siku ya pili na wewe utadhani kasafiri. Pandisha, 15 kwa moja, uwaambie wiki nzima kabla hujapandisha, unga umekuwa hivi na tui ni la nazi ya kukuna sio la pakiti na iliki sitaipunguza. Watanuna siku tatu. Mie ningeweka pia sahani ya mahamri mawili na mbaazi kwa bei moja nzima ili wasihesabu moja moja. Saizi usiiguse kabisa.

*Assalam aleikum. Nina duka dogo la kofia za vito Lamu, zinashonwa kwa mkono na kina mama wa hapa, moja huchukua miezi. Nilisajili jina la biashara kwa eCitizen miaka mitatu ilopita, cheti kimening'inia ukutani. Sasa kuna duka limefunguliwa Malindi, jina lilelile wameongeza neno moja tu mwisho, na wanauza kofia za mashini za kutoka nje bei ya chini. Wateja wawili wamenipigia simu wakilalamika kofia yangu imefumuka, kumbe walinunua huko. Cheti changu hakinisaidii? Nimeumia sana. Wa Kofia.*

Pole sana ndugu yangu, hio inauma, kukosa mauzo ni kitu kimoja lakini kutukanwa kwa kazi ya mtu mwengine ni kingine.

Cheti kile wengi tumekielewa vibaya, hata mie miaka ile. Kusajili jina la biashara ni kuiambia serikali kwamba mimi fulani nafanya biashara kwa jina hili, basi, ufungue akaunti ya benki, upate leseni ya kaunti, upate till. Hakikupi umiliki wa jina dhidi ya watu wengine. Kinachokupa ni alama ya biashara (trademark), hio husajiliwa KIPI, ile taasisi ya mali ya ubunifu, ni ofisi nyingine kabisa na ada zake nyingine. Utaratibu uko hivi, kwanza unaomba watafute kama kuna mtu ana alama inayofanana na yako, usiruke hapo watu hupoteza pesa, kisha unaomba kwa kundi la bidhaa. Makundi ni 45 dunia nzima, na nguo, viatu na vya kuvaa kichwani viko pamoja kundi la 25, kwa hio kofia zako na siku ukiongeza makubadhi ya Siyu zote zinaingia humo kwa ombi moja. Wakikubali wanakutangaza kwenye jarida lao, watu wana siku 60 za kupinga, kusipokuwa na pingamizi unasajiliwa, na ikishasajiliwa ni yako miaka 10, ukifika mwisho unalipia tena mingine 10.

Ila kuna neno sitaki kulificha. Jina lako lina neno Lamu na neno kofia, halina kingine. Hilo ni jina dhaifu. Jina la mahali na jina la kitu chenyewe ni la kila mtu, msajili hampi mtu mmoja kirahisi, na huyo wa Malindi akiulizwa atasema si na mie nauza kofia za Lamu (muongo, lakini atasema). Na kanuni hio hio ndo imetukinga sisi, kuna kampuni moja ya Uingereza ilitaka kusajili kule kwao neno Kikoy, miaka ya 2000, iwe lao peke yao, yaani kikoi hiki hiki cha kujifunga! Watu wakapinga na jambo likashindikana. Tulifurahi wote. Basi na wewe huwezi kumiliki neno kofia kama vile wao hawakuweza kumiliki kikoi.

Kwa hio tafuta neno lako, la ajabu kidogo, lisiloelezea kitu, jina la utani la nyanya yako, neno la Kiamu ambalo wa Nairobi hana, liweke mbele, Lamu ifuate nyuma kama anwani, hilo ndo upeleke KIPI. Cha huyo wa sasa, sheria inakupa njia hata bila alama ilosajiliwa, ukithibitisha kwamba jina lako lilijulikana kabla yake na watu wanachanganyikiwa wakidhani yeye ni wewe na wewe unapata hasara. Wale wateja wawili ndo ushahidi wako, waombe waandike ujumbe, wapige picha kofia ilofumuka na risiti kama ipo, utunze na matangazo yako ya zamani yenye tarehe. Barua moja ya wakili mara nyingi inatosha, kesi ni ndefu na ni ghali na kwa duka la saizi yako sikushauri ukimbilie huko.

Na kitu ambacho mashini haiwezi, ndo hapo upige sana. Shona kitambaa kidogo ndani ya kila kofia, jina la aliyeishona kama amekubali, mwezi alioanza na mwezi aliomaliza. Mpe mnunuzi picha ya kofia yake ikiwa nusu, bado kitambaa kina sindano. Huyo wa Malindi aandike nini, mashini namba nne ilianza saa tatu ikamaliza saa tatu na dakika sita? Nimecheka mwenyewe hapa. Na mie mwenyewe sio kwamba nilikuwa mjanja, nilipoanza kuuza vikoi hapa Malindi nilijipa jina la Kiitaliano kwa vile kila mtu alidhani pesa ni ya Mtaliano, fundi wa bango akakosea herufi mbili nami sikujua, Wataliano wakipita wanacheka wanapiga picha wanaenda zao. Walokuwa wakinilipia kodi ya duka ni kina mama wa Maweni, na wao waliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Miaka miwili mizima ilinichukua kuliandika hilo jina kwenye bango.

*Bi Duka mambo. Mie ni nahodha Shela, napeleka wageni Manda, Takwa na kuogelea. Mgeni mmoja kaniandikia nyota moja kwenye ramani ya Google, eti injini ilizima tukakwama kwenye mikoko saa nzima na jua kali. Ni kweli ilizima, maji yalikuwa yashakupwa. Lakini nilimrudishia nusu ya pesa hakusema hilo. Ndugu yangu asema tutafute jamaa kumi waandike nyota tano ile izame chini. Nahodha, Shela.*

Jamaa kumi wa ukoo mmoja, wote wameandika Jumanne usiku, wote "best captain", na hakuna hata mmoja alotaja alikwenda wapi. Mgeni anaepanga safari yuko na saa tatu za kusoma na ataziona, na Google wakizishtukia wanaziondoa. Usifanye.

Mjibu pale pale chini ya maneno yake, kwa Kizungu chepesi, mwambie ni kweli injini ilizima na ilikuwa maji kupwa, nakuomba radhi kwa lile jua, nilikurudishia nusu ya pesa siku ile ile, na tangu hapo natembea na plagi za akiba na kasia na maji ya kunywa ya kutosha na turubai la kivuli. Mistari minne. Usibishane, usiseme yeye ndo alichelewa kutoka hotelini hata kama ni kweli. Hilo jibu humwandikii yeye, yeye asharudi kwao, wamwandikia yule wa Disemba anaechagua kati yako na wengine walopanga boti pale ufukweni. Wale wageni wako walofurahi ndo uwaombe, wakishuka tu, miguu bado ina mchanga, waombe wataje Takwa au walichokiona.

Lakini nahodha, umeniambia kuhusu nyota na ndugu yako na nusu ya pesa, hujaniambia kama hizo plagi umenunua. Nenda kanunue kwanza, ndo urudi uandike jibu.